Uzito wa Vifungo

Kila tarehe kumi na mbili Vratislav Hejduk
alinijazia fomu kwa wino wa buluu,
ilhali wenzake wote walishahamia kwenye kompyuta.
Vifungo vya kioo, kilo: elfu moja mia nne na sita.
Wafanyakazi: thelathini na wanane.
Na pale chini, kwenye kisanduku cha Maelezo Mengine
ambacho hakuna akisomaye isipokuwa mimi,
aliandika: Tanuri la pili linakohoa.
Au: Theluji imefika madirishani, lori halikupanda.
Au, mara moja tu, mwezi Mei: Micheri imechanua.

Mimi nakaa Liberec, ghorofa ya tatu,
dirisha langu linatazama maegesho ya magari.
Kazi yangu ni kupika nambari moja.
Natia chuma, saruji, bia, karatasi, umeme,
kila kimoja kwa uzito wake,
na mwaka ule tuliokubaliana kuuita mia
unakaa kando kama jiwe la mizani.
Magari yana uzito.
Bonde zima la vifungo
lina nukta sifuri tatu katika kila elfu.

Halafu naondoa Krismasi.
Ndiyo, ipo hesabu ya kuondoa Krismasi,
na Pasaka, ambayo haitulii mahali pamoja,
na wiki mbili za Julai mafundi wanapokwenda kuogelea,
mpaka ubaki mwenendo,
kama mtu aliyevuliwa koti, kofia na viatu
ili apimwe mwenyewe.
Mkuu wangu, Bi Ludvíka, husema:
nataka mapigo ya moyo, si nguo.

Novemba fomu haikuja.
Nikapiga simu. Ikaita
kama simu inavyoita juu ya meza tupu;
sijui nilijuaje, lakini nilijua.

Kanuni yetu ni njema, tena ya zamani:
asiyejibu si sifuri.
Asiyejibu amechelewa, anaumwa, yuko likizo;
tunamkisia kwa jana yake na kwa majirani zake.
Basi mashine ikamkisia Hejduk.
Novemba akatoa kilo elfu moja mia tatu na themanini.
Desemba akapunguza kidogo, ilivyotarajiwa.
Januari akaongeza!
Vifungo ambavyo havijawahi kuwa vya moto
vikapanda hadi taarifa ya habari ya jioni,
na waziri akasema uchumi unapumua.

Februari nikapanda basi.
Sikutumwa. Nauli nililipa mwenyewe.
Lango lilikuwa na mnyororo mpya,
ung'aao kuliko chochote kilichobaki pale.
Kiwanda cha vifungo kilifungwa tangu Oktoba.
Mwanamke aliyekuwa akikwangua barafu kwenye gari lake
aliniambia Hejduk amehamia Brno, kwa bintiye,
na fomu ameondoka nazo.
Alisema hazijaisha.

Nikarudi, nikaandika sifuri. Sifuri tatu.
Tukasahihisha; sisi husahihisha, ndiyo heshima yetu.
Fahirisi ikatoka mia moja na nne nukta mbili
ikawa mia moja na nne nukta mbili,
maana tunaishia tarakimu moja baada ya nukta,
na ng'ambo ya tarakimu hiyo
watu thelathini na wanane wanaenea, wakibanana kidogo.

Haba na haba hujaza kibaba,
lakini kibaba hakijui ni haba ipi iliyokosekana.
Nilimwambia Bi Ludvíka hivyo. Akavua miwani.
Kipimo kikimlilia kila mtu, akasema,
kitalia kila mwezi, na nani atakiamini?
Hoja hiyo naijua. Vijana wapya naifundisha mimi.

Machi ikaja bahasha kutoka Brno.
Wino wa buluu. Vifungo, kilo: sifuri.
Wafanyakazi: sifuri.
Maelezo mengine: Hiki kilikuwa mfukoni mwa koti la kazi.
Sijui mnakihesabu vipi.

Cha kijani, matundu mawili.
Nimekiweka kwenye mizani ya barua.
Gramu mbili.
Mwezi wa kuzalishwa: bado nautafuta.